Kurekebisha Picha Nisiyoruhusiwa Kuiona

Harusi yangu mimi mwenyewe sijaiona. Kuhudhuria nilihudhuria, hilo silikatai. Nilivaa joho la kuazima lililonipwaya hata nikawa kama mlingoti uliotundikwa hema, nikaozeshwa msikitini, nikala halua, nikashikana mikono na nusu ya kisiwa. Lakini ile ambayo watu wenyewe ndiyo huiita harusi, upande wa wanawake, ngoma na vigelegele na bibi harusi kutolewa nje akaketishwa juu atazamwe, hiyo ilifanyika ndani ya ua ambao mlango wake ulilindwa kuliko benki. Bwana harusi alikuwa barazani na wanaume wenzake, akipepewa kwa kipande cha boksi.

Video ilipigwa, na aliyeipiga alikuwa mwanamke, kwa ajili ya wanawake. Ndani yake wake za watu wamo vichwa wazi, wamejipamba, wanacheza, na walikubali kamera iwapitie kwa kujua kwamba picha ile haitafika machoni pa mwanamme asiyewahusu. Ni amana. Na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa skuli na akisema kaa hata paka hukaa, aliishika amana ile kwa mikono miwili. Mkanda hautoki nyumbani. Mkanda hauazimwi. Mkanda haupandi ndege. Na ukichezwa, mimi natoka. Umelala kabatini mwangu tangu mwisho wa miaka ya themanini, na mimi zaidi ya lile boksi lake jeusi sijaona hata unywele.

Ningeweza kuishi hivyo kwa raha zangu, lau si bibi.

Bibi yake mke wangu, mamake mama mkwe wangu, hakuwa mtu wa kupigwa picha. Akiona kamera hugeuza uso kama aliyeitwa jikoni. Lakini siku ile ya harusi yetu alisahau, au alikusudia kusahau, akaingia kati akacheza. Ni muda mfupi tu, baada ya bibi harusi kukalishwa na kabla ya sahani za biriani kupita. Baada ya miaka michache akafariki, na picha yake ya kutembea ikawa ni ile, basi, hakuna nyengine duniani. Kila mwaka mama mkwe wangu alikuwa akija kutoka mtaa wa Amani, anatandikiwa mkeka mbele ya TV yetu ndogo, pua karibu iguse kioo, anamtazama mama yake. Kisha anafuta macho, anakunywa chai, anarudi kwake.

Kwa sheria, bibi wa mke wangu naruhusiwa kumuona. Niliwahi kuiwasilisha hoja hiyo nyumbani kwa ufasaha wote wa mtu aliyesoma.

"Bibi ruhusa," mke wangu akasema. "Lakini kazungukwa na mtaa mzima. Utamuona yeye peke yake vipi? Kwa tundu la sindano?"

Kesi ikafungwa.

Sasa nieleze usomi wangu, maana ndio ulioleta balaa. Mimi ni mhitimu wa skuli ya usiku, fani ya umeme na redio. Mchana nikiuza vipuri vya baiskeli, jioni nikichorewa saketi ubaoni, na kwa kuwa umeme ulikuwa ukikatika kila mwalimu akigusa chaki, naweza kusema nusu ya elimu yangu ya umeme nimeipata gizani. Cheti nimekitia fremu ya dhahabu kubwa kuliko ya picha ya harusi. Mwalimu wetu alikuwa na neno lake moja: fundi kwanza macho, kisha mikono. Nililiandika ndani ya jalada la daftari nikapiga mstari chini yake.

Kwa hiyo, miaka ya elfu mbili ilipokuwa ikimalizikia na zile televisheni bapa zikaanza kushuka kutoka Dubai, ingekuwa aibu kwa taaluma nzima kama mimi ningebaki na sanduku la inchi kumi na nne. Nikanunua inchi arobaini na mbili. Ilipita vichochoroni imebebwa ubavu, watu wakijibana ukutani kama inapita jeneza la mtu mkubwa. Juu ya boksi palikuwa na nembo ya HD inayong'aa, nami kila aliyeuliza, na wengine wengi ambao hawakuuliza, niliwaeleza kwamba kwenye TV hii utahesabu majani ya uwanjani, na ukipenda utamuona refa anafikiri nini. Ile ndogo ya zamani nikampa shemegi yangu anayefanya kazi hotelini Kendwa, ufukweni. Hewa ya chumvi ikaimaliza mara moja. Alinipigia simu kunitaarifu kama anayetaarifu msiba.

Mara ya kwanza mke wangu kuutia mkanda kwenye TV mpya, mimi nilikuwa ukumbini nje ya chumba nikisubiri pongezi. Kisha akaniita.

"Naam."

"Njoo. Nshazima."

Nikaingia nikitabasamu.

"Hebu niambie," akasema, "yule mwanamke uliyemuoa n'nani?"

"Wewe."

"Mimi si mnene vile. Wala uso wangu si rangi ya embe bivu. Na bibi hayumo."

"Hayumo vipi, na mkanda ni ule ule?"

"Pale alipokuwa bibi pana ukungu. Ukungu unacheza lelemama."

Nikamweleza. Picha ya zamani, nikamwambia, ina chembe chache, zimepimwa kwa TV ndogo. TV kubwa ina nafasi tele, inabidi izivute chembe zile zile zijae kioo kizima. Ni kama kijiko kimoja cha siagi upake mkate mzima wa boflo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wanafunzi wake waliosahau kazi ya nyumbani.

"Basi umenunua boflo," akasema.

Yote hayo ningeyameza. Lakini wiki ile ile zikaja habari kutoka Amani: mama mkwe wangu anahamia Maskati kwa mwanawe mkubwa. Umri umesogea, mtoto kamtaka akae naye, na tiketi imeshakatwa. Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu. Aje Ijumaa baada ya alasiri, amuone mama yake. Mara ya mwisho, maana mkanda haupandi ndege, na yeye hakujua kama atapanda tena kurudi.

Jirani yetu wa chini, mzee mwenye duka la kofia, alikuwa bado na TV yake ya zamani, pana kwa nyuma kama tanuri la mkate. Akaniambia kwa wema kabisa:

"Yakhe, chukua hii yangu siku hiyo, mama atazame, kisha niregeshee."

Nikamwambia ahsante, haina haja. Mtu mwenye cheti ukutani na HD mezani aazime tanuri. Nilihisi hata mwalimu wangu wa usiku angekohoa huko aliko.

Mke wangu alipopata habari akanipa sharti. "Mpaka Ijumaa. Mama akimuona mamake, mbora wewe. Asipomuona, tunaazima ya jirani, na hii yako itakuwa meza ya kupigia pasi."

Nikaanza kazi. Fundi kwanza macho. Lakini macho yangu yalikuwa haramu kwenye mkanda ule. Sasa fundi afanye nini? Nikapata wazo ambalo kwa kweli liliniridhisha mno: picha ni picha. Nitaitengeneza TV kwa mpira, ambao kila mwanamme ana ruhusa nao, kisha harusi itapita humo humo. Jioni zote zilizobaki nikakaa na rafiki zangu mbele ya mechi za kwenye antena, rimoti mkononi, nikipanda na kushuka ndani ya menyu kama mtu aliyepoteza pete. Nikapunguza rangi. Nikaondoa kule kuvutwa kwa picha, wachezaji waliokuwa wafupi wanene kama mitungi wakarudi kuwa wanariadha. Nikapata sifa kutoka kwa kila aliyekuwamo. Mmoja aliyekulia Michenzani, anayejua kila kitu, alisema picha kama ile haipo hata hotelini. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Ijumaa mama mkwe wangu akaja na mdogo wake, mwanamke mwenye ulimi ambao ukikugusa utapaka dawa.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," akasema mama mkwe wangu.

"Marahaba," akasema mdogo wake. "Tumeambiwa umefungua sinema."

Vyumba vya nyumba zetu za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti zina urefu wake na haziongezeki. TV niliiweka ukuta mrefu, ikitazamana na mlango. Mke wangu alikuwa keshatandika mkeka mbele yake pale pale walipozoea kukaa kwa TV ndogo, magoti karibu yaguse kioo. Mimi nikatoka nikasimama ukumbini, nikashusha pazia la mlango. Lakini rimoti sikumwachia mtu. Hilo lilikuwa agizo langu mwenyewe tangu TV iingie, kwamba chombo hiki hakiguswi ila na mwenye fani. Basi nikapenyeza mkono kwenye pazia, mkono mtupu unaoelea mlangoni na rimoti mbele, mwili wote nje. Aliyeuona mkono ule angesoma dua.

Mkanda ukaanza. Ngoma ikalia. Nikasubiri.

"Subhanallah," akasema mama mdogo. "Hawa ndio sisi? Mbona tumetiwa bizari?"

"Na mimi nshakuwa mnene tena," akasema mke wangu.

Hapo ndipo nilipoelewa, na jasho likanitoka mpaka kwenye kisigino. TV zile kila tundu la kuchomekea waya lina kumbukumbu yake. Yote niliyoyatengeneza usiku na mchana niliyatengeneza kwenye tundu la antena. Deki, ile mashine ya kuchezea mkanda, ilikuwa imechomekwa tundu jengine, na kule mambo yalikuwa bado kama yalivyotoka kiwandani, rangi za kushtua wanunuzi dukani. Nilikuwa nimefagia nyumba ya jirani nikawakaribisha wageni kwangu.

"Tulieni," nikasema kutoka nyuma ya pazia. "Nnarekebisha."

Nikabonyeza menyu. "Mke wangu, nisomee imeandikwa nini."

"Ya kwanza kontrasti."

"Teremka."

"Anateremka nani, rimoti si unayo wewe?"

"Nateremka mimi. Wewe soma."

Tukaenda hivyo, yeye macho, mimi kidole, mwalimu wangu anageuka kaburini hata kama bado hajafa. Nikapunguza rangi mpaka mama mdogo akasema sasa wamekuwa watu. Nikabadili upana wa picha.

"Haya sasa," akasema, "mbona TV imevaa baibui kushoto na kulia?"

"Hizo ni pembeni nyeusi, mama. Picha ya zamani ni ya mraba. Ndivyo inavyotakiwa."

"Umenunua kubwa, halafu unaifunika."

Nilikuwa nimefika kwenye shapnesi, ule ukali wa picha, nami kwa usomi wangu nikaona: ukungu dawa yake ni ukali. Nikaipandisha mpaka mwisho.

Ndani mama mdogo akacheka mpaka akakohoa. Mke wangu akanieleza kwamba kila mwanamke sasa ana mstari mweupe pembeni yake, kama amekatwa kwenye gazeti kwa mkasi na kubandikwa upya, na mchanga unamwagika kwenye nyuso zao.

"Iteremshe," akasema.

"Kitaalamu..."

"Iteremshe. Bibi anakaribia."

Kweli, mimi mwenyewe nilisikia ngoma imebadilika. Bibi harusi, yaani mke wangu wa siku zile, alikuwa keshakalishwa. Nikabonyeza kwa haraka, nikajikuta nimefungua lugha, TV ikaanza kuzungumza menyu ya Kirusi au ya watu wa karibu na Urusi. Ndipo nilipohisi vidole vya mke wangu vikinifungua vyangu kimoja kimoja, bila hasira, kama anavyomnyang'anya mtoto kisu. Rimoti ikaenda. Mkono wangu ukabaki mlangoni peke yake, hauna kazi, nikaurudisha nje.

Akaishusha shapnesi hadi sifuri. Nilimsikia akisema, "Hivi nafuu." Na kweli ilikuwa nafuu, mama mdogo aliwataja watu kwa majina, huyu fulani, huyu nae marehemu, huyu alikuwa bado hajagombana na sisi. Kisha majina yakakatika, nami nikajua bibi kaingia.

Nilisubiri kigelegele, kilio, chochote.

"Yuko wapi?" akauliza mama mkwe wangu.

"Yule pale, mama. Mwenye kanga ya njano."

"Naona kanga. Uso siuoni."

"Sogea karibu kidogo."

Nikasikia mkeka ukikwaruza.

"Basi," akasema mama mkwe wangu taratibu. "Inatosha. Sipendi kumuona hivi. Nitabaki na yule niliyenaye moyoni."

Nakwambia ukweli, nimewahi kuanguka na baiskeli kwenye mtaro, nimewahi kushindwa mtihani mara mbili mfululizo katika skuli ambayo watu walikuwa wakipasishwa kwa kuonewa huruma, lakini sijawahi kujiona mdogo kama pale nyuma ya pazia langu. Mwanamke yule hakuwa ametaka HD. Alitaka mama yake, na mimi nikaipeleka Kendwa ile TV iliyokuwa naye.

Pazia likafunguliwa, mama mkwe wangu akatoka. Mimi palepale nikageukia ukuta, nikajifunika uso kwa ncha ya pazia, maana nyuma yake TV ilikuwa wazi na mtaa mzima unacheza. Alinipita, akavuka ukumbi, akaketi kwenye benchi la upande wa pili kuvaa viatu vyake. Nikasikia kiatu kimoja kikivaliwa. Cha pili sikukisikia.

"Mama," akasema.

Nikadhani ananiita mimi kwa kebehi, kwa kujifunika uso kama mwari. Nikasema, "Naam."

"Nyamaza, mwanangu." Kisha, "Yule pale. Anashusha bega. Njooni huku nyinyi, tokeni huko mlikobanana na kioo. Rudisheni nyuma mkanda. Yule pale."

Ndani wakakurupuka. Mke wangu akarudisha mkanda, nikausikia ukilalamika, wakatoka mbio wakajipanga bencheni upande wa pili wa ukumbi. Kumbe dawa ilikuwa masafa. Kioo kile kilikuwa kikubwa, mkeka ukabaki ulipokuwa zamani, na hakuna hata mmoja wetu, na mwenye cheti akiwa wa kwanza, aliyefikiri kuusogeza. Kutoka mbali zile chembe zilirudi zikashikana, ukungu ukawa mtu.

Yote hayo niliambiwa baadaye. Wakati ule nilikuwa nimebanwa kati ya ukuta na pazia, nyuma yangu harusi yangu, mbele yangu chokaa.

"Mwanangu," akasema mama mkwe wangu, "shuka chini ukapate upepo."

Nikashuka ngazi kinyumenyume macho nimeyafumba, nikakaa barazani. Jirani wa kofia alikuwepo.

"Picha imekaaje?"

"Safi kabisa."

"Umeiona?"

"Naambiwa."

Juu kigelegele kikapasuka, kikafuatwa na kicheko. Si kicheko cha heshima; kile cha wanawake kushikana mabega. Kikaanza upya. Mkanda ukarudishwa tena, nami nikaomba usikatike, na kila ukifika pale wakacheka zaidi.

Waliposhuka, mama mdogo hakuweza kunitazama usoni. Mama mkwe wangu ndiye aliyesimama mbele yangu, macho mekundu, na kwa utulivu wake wote akanieleza. Siku zote kwenye TV ndogo walimuona bibi anacheza, kisha waliomzunguka wanaanguka kwa kicheko, na hakuna aliyewahi kujua wanacheka nini. Mkono wake ulikuwa mdogo mno kwenye kioo kile. Leo wameuona. Bibi anaelekeza kichwa nje barazani, upande alikokaa bwana harusi. Kisha anainua kidole chake cha mwisho, kile chembamba, anawaonyesha wenziwe. Kisha anakipuliza, fyuu, na kidole kinapeperuka.

"Alikuwa akisema wewe," akasema, kama labda sikuelewa.

Nikatazama chini. Siku zile, kweli, nilikuwa wa kupeperuka. Hivi sasa ungehitaji feni ya meli.

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Jirani wa kofia, mtu mzima, mcha Mungu, akawa kila nikipita anakipuliza kidole chake cha mwisho kama anayekipoza. Mkeka wetu sasa hutandikwa ukumbini. TV haikuwa meza ya pasi, ingawa rimoti sijaregeshewa.

Tulimsindikiza mama mkwe wangu uwanja wa ndege. Mtu yule katika miaka yote ya ukwe hajawahi kunitania hata neno, na mimi mbele yake hata kupiga chafya huomba ruhusa. Alituaga, akamkumbatia binti yake kwa muda mrefu, akapita mlango wa wasafiri. Tukabaki nje ya kioo, mke wangu analia, mimi nimeshika mkoba mtupu aliotuachia turudi nao. Kabla hajapotea akageuka. Akatutafuta kwa macho mpaka akanipata mimi. Akashusha bega la kushoto kidogo, akainua kidole chake cha mwisho, akakipuliza.